Uimara Haukuiokoa Nyumba ya Edmund Street

Katika mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna nyumba ya mbao ya mwishoni mwa Zama za Kati inayojulikana kama Nyumba Iliyohama. Mbele yake husemwa lile lile linalosemwa mbele ya kila jengo la kale: wazee walijenga, watu wa leo wanabandika tu. Kauli hiyo ni tamu, lakini si kweli, tena inamfaa sana mwenye tingatinga. Ikiwa kilichosimama kimesimama kwa uimara wake, basi kilichobomolewa kilikuwa kibovu, na hakuna wa kuulizwa.

Nyumba hiyo ilikuwa kwenye kona ya Edmund Street na Frog Street, upande wa chini wa mji, karibu na mto Exe. Mabomu ya Wajerumani ya Mei 1942 yaliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, yakaiacha. Kilichokuja kuitishia ni ramani: barabara mpya ilichorwa ikapita juu yake. Mtaa uliobaki ulifutwa. Hii ilipona kwa sababu wataalamu wa mambo ya kale waliichunguza, wakaona ni miongoni mwa nyumba kongwe za fremu ya mbao, na ikakubaliwa ihamishwe.

Desemba 1961 ilifungwa mihimili ya kuishikilia isipinde, ikainuliwa kwa jeki, ikawekwa magurudumu, ikavutwa juu ya reli za chuma kupanda kilima. Mzigo ulizidi tani 21. Isitoshe, kila ghorofa imetokeza nje kuliko ile iliyo chini yake, hivyo kichwa ni kizito kuliko miguu. Jengo la namna hiyo lisiposhikwa sawasawa mlimani huyumba kama mtungi kichwani mwa mlevi. Safari ya kama mita 70 ilichukua siku kadhaa, hadi West Street, karibu na kanisa la St Mary Steps.

Mafundi wa kale wana sifa yao, na haifai kuwanyima. Katika fremu kama hiyo, ulimi wa boriti moja huingia tunduni mwa nyingine, kisha hupigiliwa kigingi cha mbao. Ndiyo maana nyumba ilisogezwa ikiwa nzima. Lakini ufundi huo ulirahisisha kuhama tu. Mbele ya amri ya kubomoa, boriti nzuri na mbovu huanguka siku moja.

Anayeshikilia hoja ya uimara akatazame daraja la mawe lililo karibu hapo, lililojengwa kama mwaka 1200. Kama ni uimara, hapo upo. Hata hivyo, daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1778, matao yaliyokuwa mtoni yalivunjwa. Yaliyokuwa nchi kavu yalipona kwa kuwa yalifunikwa na mtaa: Edmund Street yenyewe ilipita juu yake. Kazi ile ile ya barabara na madaraja mapya iliyoiondoa nyumba ndiyo iliyoyafukua. Leo matao manane na nusu yanaonekana kwenye bustani iliyozungukwa na magari, pamoja na gofu la kanisa la St Edmund lenye mnara wake, na mto uko pembeni.