Machozi ya Hana na Ndimi Zetu



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tumeona vema tutafakari pamoja jambo ambalo ni nadra kutajwa mimbarini au katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ingawa limo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Ni mashaka ya mama aliyepoteza mimba, anayejiuliza kama atabeba mimba tena.

Kila padri aliyekaa parokiani kwa miaka kadhaa anaifahamu sauti ya mama huyo. Hufika ofisini jioni, wengine wakiwa wamekwisha kwenda zao. Huanza kwa kuomba nia ya misa, kisha hunyamaza, na mwishowe huuliza: “Padri, je, Mungu amenifunga kizazi?” Mmoja, mimba ilimtoka akiwa shambani akipalilia maharage. Mwingine aliitoa kwa hiari yake alipokuwa msichana mwenye hofu, na sasa ni mke wa ndoa ya kanisani, mwaka wa tatu bila mtoto. Yaliyowapata ni tofauti, wala hatutaki kuchanganya msiba na dhambi. Hata hivyo swali lao ni moja, na mara nyingi jibu wanalopewa na sisi tulio jirani zao ni moja pia, nalo ni jibu la uongo.

Tunasema hivi tukiwa na Hana mbele ya macho yetu, yule tunayesoma habari zake mwanzoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Alikuwa mke mwenza, na Penina aliyejaliwa watoto alimchokoza mwaka hata mwaka. Hana alikwenda Shilo akamlilia Mungu, midomo yake ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli aliyeketi karibu akamdhania amelewa. Hapa ndipo sisi mapadri tunapojiona wenyewe. Mwanamke alikuwa katika uchungu wa uzazi uliokataa, naye mtu wa Mungu akamhukumu kabla ya kumsikiliza. Lakini tumwonee haki Eli: Hana alipojieleza, yule mzee hakushikilia neno lake. Aligeuka, akambariki, akamwacha aende kwa amani.

Msomaji makini atasema kwamba Maandiko hayo hayo yanaeleza kuwa Bwana ndiye aliyelifunga tumbo la Hana. Ni kweli. Lakini hebu tutafute dhambi ya Hana katika sura ile yote, hatutaiona. Tumtafute Elisabeti katika Injili ya Luka. Mwinjili anamtaja yeye na mumewe Zakaria kuwa wenye haki, nao walizeeka bila mtoto. Na wanafunzi walipomwuliza Bwana wetu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yeye alikataa hesabu hiyo yote. Basi yeyote anayemwambia mama kwamba tumbo lake ni tupu kwa kuwa Mungu anamlipiza kisasi, hana Maandiko ya kumtegemeza.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wetu tuliwahi kuwaambia vijana kwamba msichana anayetoa mimba hatazaa tena. Tulidhani hofu hiyo italinda uhai. Baadaye tukaitwa kumpaka mafuta matakatifu msichana ambaye hatutamtaja yeye wala kijiji chake. Alikuwa amevuja damu siku nne ndani ya chumba cha shangazi yake, akiogopa kwenda kituo cha afya kwa sababu huko angekutana na muumini mwenzake. Alipofikishwa hospitalini, usaha ulikuwa umekwisha kuenea tumboni. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini kizazi chake kiliondolewa. Tulirudi nyumbani usiku ule tukijiuliza ni nani hasa aliyekifunga kizazi kile. Dawa hatukumpa sisi. Ila mlango ule ulikuwa na kufuli kadhaa, na mojawapo lilikuwa mahubiri yetu.

Tangu siku ile tumejibidiisha kujifunza kwa madaktari na wakunga, nao wametueleza mambo ambayo kila familia ya Mbuba, na Ngara na Biharamulo kwa jumla, ingefaa iyajue.

Kwanza, kati ya mimba 100 zilizokwisha kujulikana, zipatazo 10 hadi 15 hutoka zenyewe, na nyingi kati ya hizo hutoka katika miezi mitatu ya mwanzo. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kasoro katika kromosomu za mtoto, ambazo hutokea tangu kutungwa kwake. Jembe alilolishika mama si sababu, wala ugomvi na mama mkwe, wala jicho la jirani. Aliyepoteza mimba moja, kwa kawaida huzaa salama inayofuata. Hata waliopoteza mara tatu mfululizo, zaidi ya nusu yao hufika siku ya kumpakata mtoto, ingawa hao wanapaswa kuchunguzwa na daktari.

Pili, mwili hauchelewi kurudi katika hali yake. Baada ya mimba changa kutoka, yai laweza kukomaa tena hata kabla ya wiki mbili kwisha, kabla mama hajaiona hedhi yake. Mwaka 2005 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walishauri kungoja angalau miezi sita kabla ya mimba nyingine. Halafu mwaka 2010 ukachapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 30,000 wa Scotland ambao mimba yao ya kwanza ilikuwa imetoka. Ulionyesha kwamba waliobeba tena kabla ya miezi sita hawakupata madhara zaidi, bali hata walifanikiwa vizuri zaidi. Basi aliyebeba mapema asiogope. Lakini mama aliyepungukiwa damu, aliyeugua malaria au aliyepata maambukizo, apewe muda wa kupona, na daktari aliyempima asikilizwe. Aliyekuwa na mimba zabibu yampasa kungoja mpaka vipimo vyake vitulie. Wanandoa wanaohitaji kungoja, Kanisa linawaelekeza kwenye njia za asili za kupanga uzazi, ambazo hudai mume na mke wasemezane na kuheshimiana. Msiba kama huu huwadai jambo hilo hilo.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, kinachofunga kizazi mara nyingi ni maambukizo yasiyotibiwa. Mabaki ya mimba yakibaki tumboni, au mimba ikitolewa kwa vyombo vichafu na mizizi ya kienyeji, vijidudu hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na mirija huziba kwa makovu. Magonjwa ya zinaa nayo hufanya hivyo hivyo kimyakimya. Mkoa wetu wa Kagera unayo historia yake: nyakati za ukoloni, magonjwa hayo yalikuwa chanzo kikubwa cha utasa kule Buhaya, na tiba za kisasa zilipoenea, uzazi uliongezeka katika miongo iliyofuata. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali isiyotibiwa, robo walijifungua watoto wafu. Ugonjwa huo hugunduliwa kwa tone la damu na hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Ni akina mama wangapi waliozunguka kwa waganga wakitafuta aliyewaloga, na dawa ilikuwapo zahanati?

Basi mama anayevuja damu nyingi, mwenye homa, maumivu chini ya kitovu, au uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni kwetu Rulenge, iwe ni kwa ndugu zetu Waanglikana Murgwanza, au kituo chochote kilicho karibu. Sheria ya Tanzania inakataza kutoa mimba, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa uhai wa mama. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, kwa vyovyote ilivyoharibika, ni huduma halali ya afya. Tunawasihi nanyi wauguzi mlio waumini wetu: mgonjwa asikute kwenu karipio kabla ya kukuta tiba, na siri yake isitoke nje ya chumba.

Wako watakaotushutumu kwamba kwa maneno haya tunalegeza fundisho la Kanisa. La hasha. Kutoa mimba ni kuuondoa uhai wa mtu asiye na hatia, na fundisho hilo hatulipunguzi hata nukta. Tunachokataa ni kulilinda fundisho hilo kwa uongo. Ukweli wa Injili hauhitaji kuegemezwa juu ya tishio la utasa. Tena tishio hilo hujidhuru lenyewe: msichana akiona mwenzake aliyetoa mimba ana watoto watatu wenye afya, ataamini kwamba padri amemdanganya katika yote.

Kwa dada yetu anayebeba dhambi hiyo moyoni, tunasema hivi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ensiklika yake ya mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, aliwaelekea wanawake wa hali yako kwa maneno ya kibaba, akiwasihi wasikate tamaa. Papa Fransisko, katika waraka wake wa tarehe 20 Novemba 2016, aliwapa mapadri wote uwezo wa kuiondolea dhambi hiyo. Hulazimiki tena kusubiri ruhusa ya mbali. Njoo kwenye kitubio. Na ukiisha kuondolewa, usiendelee kujihukumu kila hedhi inapoonekana, kana kwamba Mungu husamehe kwa kinywa na kulipiza kwa tumbo. Mungu wetu hana nyuso mbili.

Nanyi akina baba, tuwasemeze pia. Mimba hutungwa na wawili, na mume ana nafasi yake katika utasa kama mke alivyo na yake. Lakini anayepelekwa kwa mganga ni mke, na anayerudishwa kwao ni mke. Elkana alimpenda Hana wala hakumpima kwa idadi ya watoto. Mume Mkristo aongozane na mkewe hadi kliniki, naye atoe damu ipimwe, amsimamie apate chandarua, dawa za kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu ajapo kubeba tena. Zaidi ya hayo, aufunge mlango wa nyumba yake kwa wanaoleta maneno ya kuoa mke wa pili.

Tunapenda kuwakumbusha Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2004. Wengi wanamkumbuka kwa kifo chake cha mwaka 1962, juma moja baada ya kujifungua binti yake wa mwisho. Wachache wanajua kwamba kabla ya mimba ile, baada ya watoto wake watatu, mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Kama kupoteza mimba kungekuwa alama ya laana, Kanisa lisingemweka altareni.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la mtoto mwenyewe. Katika nyumba nyingi mimba iliyotoka hufichwa, na mama huambiwa asilie kwa kuwa hakuzaa. Kanisa halisemi hivyo. Tume ya Kimataifa ya Taalimungu, katika hati iliyotolewa mwaka 2007 kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilieleza kwamba tunazo sababu za kutumaini wokovu wa watoto waliofariki bila ubatizo. Aidha, Kanisa linayo sala ya kuwabariki wazazi waliompoteza mtoto kabla hajazaliwa. Njoni parokiani tusali pamoja. Wazazi wakipenda, wampe mtoto wao jina. Anayeruhusiwa kulia mtoto aliyekwenda, hupata nguvu ya kumngojea atakayekuja.

Na kama hatakuja? Wako watakaofanya yote tuliyoyasema, na bado kitanda cha mtoto kibaki bila mtu. Kwao hatuna maelezo, wala hatutajifanya tunayo. Tunalo neno hili tu, kwamba ndoa yao ni kamili mbele ya Mungu, na kwamba nafasi yao katika jumuiya haipungui hata kidogo.

Tunapendekeza basi, wapendwa, kwamba juma hili kila jumuiya iombee akina mama waliopoteza mimba, bila kumtaja mtu na bila kuuliza ilikuwaje. WAWATA wa kila kigango wachague wawili wenye kifua cha kutunza siri, ambao mama aliyeingiwa na hofu aweza kuwaendea hata usiku, nao wampeleke hospitali. Na tunapokutana kisimani, sokoni au mbele ya kanisa, aulizaye “mbona fulani hashiki mimba?” akose wa kumjibu.

Ee Mungu uliyemsikia Hana hata pale kuhani alipokosea, uwasikie mabinti zako wanaokulilia huku kwetu, uwaponye mwili na roho, nasi utufundishe kunyamaza na kusaidia. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.