Jani Moja Si Mlima

Nimechoka kusikia darasani kwamba Hagenia "imeshasomwa". Hoja yenyewe ni hii: mwaka 2017 Andrew Gichira na wenzake, Wakenya na Wachina, walichapisha jenomu nzima ya kloroplasti ya Hagenia abyssinica, herufi karibu 155,000, basi mwanafunzi wa Rubavu atafute mada nyingine.

Kazi ile naiheshimu. Lakini jenomu ya namna hiyo kwa kawaida hutokana na jani la mti mmoja. Hagenia huota kuanzia Ethiopia hadi Malawi, kwenye milima iliyotengana kama visiwa, na katikati pana nchi za joto ambamo haioti. Mti mmoja unawezaje kuisemea milima yote hiyo?

Tena, katika mimea mingi itoayo maua kloroplasti hurithiwa kwa mama. Chavua huruka na upepo, lakini kloroplasti husafiri ndani ya mbegu. Kwa hiyo anayelinganisha kloroplasti za miti ya Karisimbi na za milima mingine anafuata njia ya mbegu: zilifikaje kwenye volkano hizi, ambazo kwa umri wa milima ni changa? Zilitoka kaskazini au kusini? Labda herufi zitafanana zote, maana kloroplasti hubadilika polepole. Hilo nalo ni jibu, ila halipatikani kwa kukaa darasani.

Wengine husema hatuna mashine. Ni kweli, na ni kisingizio. Mashine inaweza kuwa Nairobi au Wuhan. Mti hauwezi kuhamia huko. Kuomba kibali cha kuingia Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kupanda, kuandika mwinuko, kukausha jani kwa jeli ya silika, kuhifadhi tawi lake humu nchini ili mwingine aje ahakikishe jina: kazi hiyo ni ya nani kama si yetu tunaouona mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika? Itifaki ya Nagoya ya 2010 inazungumzia kugawana manufaa. Vizuri. Lakini anayeishia kubeba mizigo ya wageni na kuwaonyesha njia atagawiwa nini zaidi ya ujira wa siku?

Ninachowaomba wahadhiri ni kidogo: miti ishirini, kati ya Karisimbi na Bisoke, iwe mada ya mwaka wa mwisho. Mfuatano wa kulinganishia upo GenBank, bila malipo.