Tatizo huanza pale unapolifungua faili

Ndugu mwandishi, mengi uliyoandika nakubali, ila ushauri wako wa kubadilisha kila nukta iwe mkato baada ya kufungua faili la CSV ni hatari. Natumia Excel yenye mpangilio wa Kijerumani hapa Hamburg. Bei ya dola kwa yeni, mfano 157.250, husomeka 157250, maana Wajerumani hutenga maelfu kwa nukta. Faida ya 5.12 nayo hugeuka tarehe 5 Desemba! Hapo namba zako zimeshapotea, na kubadilisha nukta hakuzirudishi. Na kwa anayelaumu CSV yenyewe, faili halina kosa lolote. Msilifungue kwa kubofya mara mbili jamani; liingizeni kupitia menyu ya Data, kisha safu za bei na faida zisomwe kwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani.