Ngome ya ndugu watatu

Juzi juzi nilikuwa Ujerumani kwa kaka yangu mkubwa. Tuliposhuka treni Moselkern, akasema twende kwa miguu. Nikamuuliza, "Kaka, hela ya teksi huna?" Akacheka tu.

Njia yenyewe wala haichoshi. Inafuata kijito cha Elzbach katikati ya msitu, kivuli kibao. Mara unaiona ngome ya Eltz juu ya mwamba, minara imesongamana kama kwenye hadithi za bibi.

Kilichonigusa ni hiki. Kabla ya mwaka 1268 ndugu watatu waligawana ngome hiyo. Hawakuiuza. Kila tawi likajenga nyumba zake, ua ukabaki wa wote. Hadi leo ni mali ya ukoo huo huo.

Tangu nifike, mimi na kaka tulikuwa tunakwepa neno moja: nyumba ya marehemu baba. Yeye anataka iuzwe, mimi sitaki. Wakati wa kurudi, yeye ndiye aliyeanza. "Mdogo wangu, ile nyumba tusubiri kwanza."

Jamani, nani kasema kutembea kwa miguu ni shida? Tukutane wiki ijayo!