Tope la Bandari Hupelekwa Wapi?

Kina mama wanaopika samaki kila siku wana haki ya kujua habari za tope la bandari, ijapokuwa huhesabiwa kuwa mambo ya wahandisi. Lango la bandari halidumu na kina chake. Mito huteremsha udongo, mikondo husukuma mchanga, na meli kubwa hazipiti mpaka tope lichimbwe, kisha lichimbwe tena.

Desturi ya miaka mingi ni kulitupa baharini. Likitupwa pasipofaa, matumbawe hufunikwa na nyasi za bahari hukosa mwanga. Ndugu zetu wa Lamu hawahitaji kuelezwa: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya.

Hata hivyo tope ni ardhi. Nchini Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, kisiwa cha Poplar kilikuwa na zaidi ya ekari 1,000 katika karne ya 19. Mawimbi yakakila, hata kufikia miaka ya 1990 hazikusalia ekari kumi. Tangu 2001, tope linalochimbwa katika njia za meli ziendazo Baltimore humwagwa hapo, ndani ya kingo za mawe na mchanga, likaachwa likakauka, kisha likapandwa majani ya kinamasi. Ndege wamerudi, na kasa wadogo wa maji ya chumvichumvi hutaga mayai yao humo.

Kilichotupendeza zaidi ni sharti lake. Tope la ndani ya bandari yenyewe, lililochafuliwa na viwanda vya zamani, halipelekwi kisiwani. Sheria ya jimbo la Maryland inataka lizuiliwe mahali pa peke yake.

Wapo watakaosema nasi tulimwage mikokoni. Taratibu! Mkoko hupumua kwa mizizi iliyochomoza juu, na ikizikwa mti hufa. Tuliyaona hayo Mwache, Mombasa, baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Penye ufuo ulioliwa, mchanga safi huenda ukafaa. Penye miti hai, sivyo.

Basi panapoitishwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu uchimbaji, tusiwaachie wanaume peke yao viti vya mbele. Tuulize kama tope limepimwa na nani kalipima, litamwagwa wapi, na kama kazi itafanywa wakati wa kaskazi, madau yanapotoka kwa wingi.