Lazima ya Miezi Mitatu, Hiari ya Miaka Miwili

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikiisha, wahitimu hutangaziwa kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walizopangiwa: Ruvu, Oljoro, Mafinga, Bulombora. Hao ndio vijana wa mujibu wa sheria, na mafunzo yao ni ya miezi mitatu. Wenzao wa kujitolea huomba wenyewe na kuingia mkataba wa miaka miwili. Mataifa mengi hubishana yachague lazima au hiari. Tanzania inazo zote mbili, na kila moja ina deni lake kwa vijana.

Tuanze na lazima. JKT ilizaliwa Julai 10, 1963 ikiwa ya kujitolea. Serikali ilipotaka wasomi nao waingie kwa nguvu ya sheria, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam, Oktoba 22, 1966. Walipinga masharti ya miaka miwili, ambapo kwa miezi 18 wangekatwa asilimia 60 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Lakini papo hapo alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ilikuwa kali mno, ila katika kujikata mshahara Mwalimu alikuwa sahihi: anayeamuru wengine wajinyime lazima naye aguswe.

Kwa kipimo hicho, lazima ya leo ina kasoro. Ilisitishwa mwaka 1994 kwa uhaba wa fedha, ikarejeshwa 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakaingia kambini kuonyesha mfano. Hata hivyo, inawaita wahitimu wa kidato cha sita, huku aliyeishia kidato cha nne au darasa la saba akiachwa. Mwaka 1966 hoja ilieleweka: wasomi walikuwa wachache, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima. Leo tunaambiwa lengo ni uzalendo, ukakamavu na umoja. Kama ni hivyo, kwa nini fundi gereji wa Mwanza na mvuvi wa Mtwara wasikutane kwenye gwaride moja na mwanafunzi anayesubiri chuo?

Ufupi wa muda, kwa upande mwingine, ni jambo la kulindwa. Eritrea iliweka utumishi wa miezi 18 mwaka 1995. Baada ya vita na Ethiopia vilivyoanza 1998, muda huo ukakosa kikomo, na maelfu ya vijana wakaikimbia nchi yao. Miezi mitatu haimfanyi mtu kuwa askari kamili, lakini inatosha kumfunza nidhamu na kumkutanisha na Watanzania wasio wa kwao, kisha inamwachia maisha yake.

Hiari nayo tusiisifu upesi. Kijana asiye na kazi anapojiunga kwa miaka miwili, mara nyingi anafuata mlango wa ajira jeshini, polisi au magereza. Analima, anajenga, analinda, huku akisubiri. Aprili 2021 vijana 854 walifukuzwa JKT baada ya kugoma wakidai ajira. Kugoma ndani ya jeshi ni kosa, hakuna ubishi. Lakini ahadi isiyoandikwa popote ndiyo iliyolea mgogoro ule, na kijana aliyechoka kusubiri habebi lawama yote peke yake.

Mimi naunga mkono lazima fupi, yenye kikomo ndani ya sheria, inayomwita mtoto wa waziri na wa mkulima bila kujali elimu, hata kama itabidi kuipanua hatua kwa hatua kadiri kambi na bajeti zinavyoruhusu. Kwa wa kujitolea, mkataba useme wazi tangu siku ya kwanza: nafasi za ajira zitagawanywa kwa vigezo gani, na atakayekosa ataondoka na cheti gani cha ufundi na mtaji kiasi gani. Mcheza kwao hutunzwa. Taifa linalopokea miaka miwili ya ujana wa mtu linawajibika kumwambia mapema tuzo yake ni ipi.