Laptopu Yako Haijasahau WiFi, Ni Wewe Hujaiuliza

Kuna neno moja mtaani linanikera kuliko tokeni za stima kuisha saa tatu usiku. Neno lenyewe ni "fomati."

Laptopu inajikokota? Fomati. Sauti haitoki? Fomati. Kuna siku nimesikia jamaa akishauriwa afomati mashine kwa sababu kibodi ilimwagikiwa chai. Chai, bana. Sasa kufuta diski kutakausha chai aje?

Leo nimekuja kupigana na hilo neno, na nitalipiga kwa kutumia ugonjwa mdogo kabisa: laptopu ya Linux inayosahau WiFi.

Hiyo stori wengi mnaijua. Unawasha mashine asubuhi, inakuuliza nenosiri la WiFi. Unaandika, inashika, maisha yanaendelea. Kesho yake inakuuliza tena, kama vile hamjawahi kuonana. Kwa ploti yetu nenosiri liliwekwa na keteka: herufi kumi na nne, kubwa zimechanganywa na ndogo, na katikati kuna alama ambayo huwa naitafuta kwenye kibodi kama mtu aliyepoteza sindano. Siku ukikosea mara tatu unampigia. Siku akiwa amenuna, unanunua bandozi.

Nilivumilia hiyo kitu karibu mwezi. Kisha nikauliza watu.

Timu ya kwanza ikaniambia, "Si tulikushow? Rudi Windows." Timu ya pili, wasee wa Linux wenyewe, wakaniambia, "Hiyo distro yako ni ya watoto. Weka Arch." Hawa watu hawapendani hata kidogo, lakini angalia vizuri: walinipa ushauri mmoja. Futa kila kitu, anza upya. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali moja la maana, kama vile, "Inasahau nini hasa?"

Nikabeba mashine kwa fundi. Sitamtaja, na ukisoma hadi mwisho utaona hata simlaumu sana. Aliangalia kwa dakika mbili, akasema, "Hii ni fomati tu. Thao moja." Akaniuliza, "Ushatoa vitu zako?"

Nikasema, "Eeh, nishatoa."

Nilikuwa nimetoa video zangu za kazi. Folda moja ndogo nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa imeandikwa "Shosh." Ndani yake kulikuwa na sauti, dakika thelathini na nane. Nilimrekodi shosho wangu Disemba, jikoni kwake, akisimulia alivyokuja Nairobi mara ya kwanza akiwa na kikapu kimoja na anwani iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ambayo hangeweza kuisoma. Niliirekodi kwa simu, simu ikajaa, nikaihamisha kwa laptopu, nikaifuta kwa simu. Aprili shosho akatuacha. Fundi alifomati Mei.

Siandiki hivi ndio mnipe pole. Naandika ndio mjue bei. Watu husema fomati ni thao moja. Yangu haikuwa thao moja.

Na sasa sikia sehemu inayouma zaidi: wiki tatu baadaye, ile laptopu ikaanza kusahau WiFi tena.

Hapo ndipo nilikasirika vizuri. Usiku huo sikumpigia mtu. Nilikaa chini, nikafungua terminali, nikafanya kitu ambacho ningefaa kufanya siku ya kwanza. Niliiuliza mashine yenyewe.

Niliandika:

nmcli connection show

Distro nyingi za kawaida, kuanzia Ubuntu na Mint hadi Fedora, hutumia programu inayoitwa NetworkManager kusimamia WiFi. Hiyo amri inaiambia, "Nionyeshe mitandao yote unayoikumbuka." Ikaleta orodha. Na jina la WiFi ya keteka lilikuwa pale pale, juu kabisa.

Yaani haikuwa imesahau. Mwezi mzima nilikuwa naitukana kwa kosa ambalo haikufanya.

Nikaandika amri ile ile nikaongeza jina la WiFi mwishoni. Ikamwaga mistari mingi. Kati ya hiyo mistari kuna mmoja unaitwa psk-flags, na mbele yake palikuwa na 1. Hiyo 1 maana yake ni kwamba nenosiri halikuwekwa na NetworkManager yenyewe. Limewekwa kwa mtumiaji, kwenye kasha lake la siri. Mimi natumia Kubuntu, ambayo mandhari yake ni KDE, na hilo kasha linaitwa KWallet.

Kasha lina kufuli. Ukiingia kwenye laptopu kwa kuandika nenosiri lako la kawaida, kasha hufunguka pamoja nawe, kimya kimya, mradi nenosiri lake ni lile lile. Lakini mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimewasha ile mipangilio ya kuingia moja kwa moja bila kuandika kitu. Hakuna nenosiri, kwa hivyo kasha linabaki limefungwa. Na kila asubuhi kidirisha kilikuwa kinajitokeza kuniomba nilifungue. Kila asubuhi. Mimi nilikuwa nabonyeza "Cancel" bila kusoma, kwa sababu nilidhani ni zile kelele za kompyuta.

Mashine ilikuwa inaniambia shida ni nini kwa mwezi mzima, na mimi nilikuwa naifunga mdomo.

Ndio maana fomati ilionekana kama imetibu. Mfumo ulipokuwa mpya, nilikuwa naandika nenosiri kila nikiingia, kasha likawa linafunguka. Wiki tatu baadaye uvivu ukarudi, nikawasha tena kule kuingia bure, na ugonjwa ukarudi nao. Fundi alifuta diski yote, lakini tabia yangu hangeweza kuifuta.

Dawa ilichukua chini ya dakika moja. Nilifungua mipangilio ya hiyo WiFi, upande wa usalama, na pale chini ya nenosiri nikabadilisha lihifadhiwe kwa watumiaji wote badala ya mtumiaji huyu pekee. Basi. Ningeweza pia kuzima kule kuingia bila nenosiri, na kusema ukweli hiyo ndiyo njia salama zaidi, kwa sababu ukihifadhi kwa watumiaji wote nenosiri linakaa kwenye faili bila kufichwa, ingawa ni mwenye mamlaka ya juu ya mashine tu anayeweza kulisoma. Chagua kulingana na laptopu yako inakaa wapi na nani anaishika.

Sasa kabla mtu hajakimbilia komenti kusema "yangu si hiyo," nakubali, pengine si hiyo. Ndiyo pointi yangu. "Inasahau WiFi" ni jina la magonjwa kadhaa tofauti, kama vile "tumbo linauma." Hakuna daktari wa maana anayesikia tumbo linauma akakimbia kuchukua kisu.

Jiulize kwanza: je, jina la mtandao liko kwenye ile orodha?

Kama jina halipo kabisa baada ya kuzima na kuwasha, basi mashine haikuweza kuandika. Angalia kama unatumia Linux kutoka kwa flashi bila kuiweka kwenye diski. Hiyo, kama haikutengewa nafasi ya kuhifadhi, husahau kila kitu ukiizima, na imeundwa hivyo. Kisha andika df -h uone kama diski imejaa asilimia 100. Diski iliyojaa haina pahali pa kuweka kumbukumbu. Diski yenye hitilafu pia inaweza kufungwa na Linux isomwe tu bila kuandikwa. Ukiona hiyo, okoa vitu vyako leo, WiFi ngojea. Na kama ulinakili faili za mipangilio kutoka mashine nyingine, jua NetworkManager huzipuuza zisipokuwa za root, na ruhusa zake lazima ziwe 600.

Kama jina lipo lakini inauliza nenosiri, hiyo ni yangu. Tafuta kasha. Kwenye GNOME linaitwa keyring, lakini mchezo ni ule ule.

Kama jina lipo na nenosiri lipo ila haishiki yenyewe, tazama mstari wa autoconnect. Kama umeandikwa no, hakuna kilichosahaulika. Mashine haijaruhusiwa tu kuanza bila wewe.

Na kuna ya nne, ambayo inawamaliza wengi mtaani: laptopu inakumbuka kila kitu, lakini WiFi ndiyo inakusahau wewe. Umelipia siku nzima kwa M-Pesa, ukazima mashine uende kula, ukirudi unaambiwa lipa tena. Hizi WiFi za kulipia nyingi hukutambua kwa namba ya kifaa chako, ile inayoitwa MAC address. Laptopu ikiwa imepangwa kubadilisha hiyo namba kila ikiunganika, kwa ruta wewe ni mteja mpya. Amri ni moja:

nmcli connection modify "jina la WiFi" 802-11-wireless.cloned-mac-address permanent

Fanya hivyo kwa WiFi unayolipia tu. Kwingine acha namba iendelee kubadilika, ni kinga yako dhidi ya kufuatiliwa.

Na ukikwama kabisa, kuna journalctl -u NetworkManager -b, ambayo ni shajara ya kila kitu NetworkManager imefanya tangu uwashe mashine. Inaonekana kama fujo, lakini tafuta maneno kama failed au secrets. Hata usipoelewa, unaweza kumwonyesha anayeelewa. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kumwambia mtu "imekataa tu."

Najua mtakachosema. "Si kila mtu ana time ya kusoma terminali." Sawa. Lakini hesabu. Mimi nilikuwa na muda wa kupanda matatu, kungoja fundi, kupanda matatu kurudi, na kuweka upya kila programu niliyokuwa nayo. Hiyo ni siku nzima. Kuuliza ilinichukua dakika kumi na tano, na dakika kumi kati ya hizo nilikuwa nakosea tahajia.

"Na fundi ale wapi?" Hili ndilo swali zuri, na hapa nawageuzia nyinyi kidole, na mimi nikiwemo. Fundi anafomati kwa sababu fomati ndiyo sisi tunalipia. Ukimwona amekaa dakika arobaini skrini ikijaa mistari, unasema huyu amefanya kazi. Angebonyeza mahali pamoja kwa dakika moja akakuambia thao moja, ungepiga kelele hadi barabara ijae. Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kujua hakulipi, kufuta ndiko kunalipa. Kisha tunashangaa wakifuta.

Kwa hivyo hii ndiyo sheria yangu mpya, na ningependa iwe yenu. Ukienda kwa fundi, mwambie hivi: "Boss, nitakulipa uniambie shida ni nini. Kuirekebisha tutaongea baadaye." Akikuambia ukweli kwa dakika mbili, mlipe kama amekaa masaa mawili. Umenunua miaka aliyosoma, si dakika alizokaa. Na akisema fomati, muulize, "Kwa nini?" Kama hana jibu, beba mashine yako uende.

Sisemi fomati ni dhambi. Kuna mashine zimeoza hadi mfumo hauwaki, hapo futa. Lakini hiyo ni dawa ya mwisho, baada ya maswali kuisha, na baada ya kila folda kunakiliwa, hata ile unayodhani haina kitu. Hasa hiyo.

Nimejaribu programu za kuokoa faili zilizofutwa. Nilipata vipande vya picha na nyimbo ambazo hata sikumbuki kuzipakua. Sauti ya shosho sikuipata. Diski ilikuwa imeshaandikwa juu yake.

WiFi ya keteka nayo inashika yenyewe kila asubuhi, kabla hata sijakaa vizuri kitandani. Inafanya kazi fiti kabisa.

Kama yako inasahau, weka kwenye komenti kile ile amri ya kwanza imekuonyesha, lakini ficha majina ya mitandao. Tutaangalia pamoja. Na kabla ya hapo, nenda unakili rekodi za watu wako mahali pa pili. Leo, si kesho.